Darasa Zima Limefaulu Mochari

Katangi,
Jumapili, 2 Juni 2024

Kwako Mwaitu Ndanu,

Pokea salamu zangu na za cherehani, maana ndiyo niliyoiegemea nikikuandikia. Hapa tu wazima. Muema ameota meno mawili ya chini na tayari amepata kazi ya kuyafanyia, nayo ni kuniuma. Nikipiga kelele anacheka. Baba yake bado yuko Mavoko kwenye machimbo ya mawe. Huja mwisho wa mwezi, anambeba mtoto kidogo, kisha anauliza, "Mbona ananuka?" Mama yako Ngina anakusalimu na kuuliza kama sweta yako bado iko ama imepata mwenyewe mwingine. Kule Ndithini baba yako amerudisha karibu matuta yote yaliyobebwa na mvua ya Aprili. Mbuzi mwekundu amezaa.

Barua hii inakuja na Jeff, yule anayewaletea kabichi shuleni. Ikichelewa usinilaumu mimi, laumu kabichi.

Sasa neno lenyewe. Siku ya soko baba yako alikuja hapa kibandani na mfuko wa kaki, ameubeba kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mna koti jeupe. Ni la mtumba lakini safi, refu mpaka magotini. Mgongoni liko na picha ndogo ya samaki, nadhani huko lilikotoka lilikuwa la kiwanda. Akaniambia, "Mutheu, hapa mfukoni nidarizie: Daktari Ndanu Musili. Uzi wa bluu."

Nikamwambia, "Kaka, mtoto yuko Kidato cha Pili."

Akasema, "Ndiyo maana nimenunua kubwa."

Na si koti tu. Kanisani alisimama wakati wa matangazo akaomba waumini wamkumbuke "daktari wetu" katika maombi. Tangu siku hiyo jirani yenu Nzisa amekataa kupeleka goti lake hospitali. Anasema analiweka mpaka ufunge shule Agosti.

Koti sijalidarizi. Nimemwambia uzi wa bluu umekwisha. Uzi upo, Mungu anisamehe, umejaa kopo zima. Lakini mwaka huu mnachagua masomo ya Kidato cha Tatu, na nikishashona jina hilo kulifumua ni kazi. Kwa hivyo nakuuliza, wewe uliyebeba jina la mama yetu mimi na baba yako, wewe ambaye kwa desturi yetu ndiwe mwaitu, yaani mama yetu hata kama nepi zako nilizifua mimi: unataka kufanya nini na maisha yako? Usinipe lile jibu unalowapa watu wa kanisa.

Mtoto wako na shangazi yako,
Mutheu


Shuleni, Machakos,
Jumapili, 23 Juni 2024

Kwa mtoto wangu Mutheu,

Kama mimi ni mama yako, basi acha nianze kama mama. Umekula? Unalala? Muema akikuuma mfinye pua, ataachilia. Barua yako ilinifikia Alhamisi ikiwa imelowa na kunuka kabichi. Matroni aliinusa kwanza kabla ya kunipa.

Sisi tuko salama. Sweta iko. Sasa hivi amevaa Kavata, lakini iko. Habari kubwa ni kwamba foleni ya isyo, chakula chetu cha kila siku, imetengenezeka. Unakumbuka nilikuambia tulivyokuwa tukisukumana pale jikoni, mahindi na maharagwe yanamwagika, wadogo wanakula kengele imeshalia? Nilimwendea matroni nikamwambia sufuria ziwe pande mbili, tuingie kwa mlango wa nyuma tutokee wa mbele, na bweni lenye zamu ya kuosha vyombo lianze. Alinitazama kama nimemtukana. Wakajaribu. Sasa tunamaliza na bado tuna nafasi ya kupiga domo. Mpishi ananiita Chifu.

Halafu tulifanya mtihani wa Mwalimu Munyiva, yule wa ushauri. Si wa Kemia. Ni wa kujua kila mtu anafaa kazi gani. Maswali yenyewe ni ya ajabu. Je, kelele inakuchosha? Ungependa kufanya kazi na watu wanaoongea sana au watulivu? Baridi inakusumbua? Mwalimu alisema hakuna jibu la kweli wala la uongo. Darasa lote likaingiwa na hofu, kwa sababu mtihani usio na jibu ndio mgumu kuliko yote.

Lakini usiwe na wasiwasi, tulisaidiana. Kavata huwa namba moja kila muhula, naye alikaa mbele. Majibu yake yalirudi nyuma safu kwa safu mpaka yakafika dirishani. Nina hakika tumefaulu.

Kuhusu lile swali lako, kengele ya ibada inalia. Fizikia iko. Nisalimie koti.

Mama yako mdogo,
Ndanu


Katangi,
Jumapili, 7 Julai 2024

Mwaitu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilinibidi nikae chini. Muema ni mzima isipokuwa tumbo. Anaharisha kwa sababu ya meno, nami naharisha usingizi. Mbuzi mdogo amepewa jina la Sindano. Usiniulize nani kampa.

Sasa niambie. Mtu anaibiaje jibu la "unapenda nini"? Hiyo si sawa na kumchungulia jirani sahani yake ndio ujue kama umeshiba? Mwalimu amewaambia hakuna jibu la kweli, nanyi mkaenda kutafuta jibu la kweli kwa Kavata! Na "Fizikia iko" ni kusema nini? Hata nyoka wako.

Siku ya wazazi ni Jumamosi hii. Ningekuja mwenyewe, lakini na tumbo hili la Muema mngetukumbuka kwa ubaya. Baba yako anakuja peke yake. Mama yako atabaki na mbuzi, na hata angekuja hangekusaidia. Juzi nilimwambia, "Ngina, sema neno basi kuhusu masomo ya mtoto." Akanijibu, "Mtoto gani? Yule ana jina la mama mkwe wangu. Mama mkwe alininyamazisha akiwa hai, sasa nianze kumjibu?" Akaendelea kupepeta ndengu.

Kwa hivyo sema wewe. Baba yako akikuuliza pale, mwambie lililo moyoni. Usimwambie la Kavata.

Mutheu


Katangi,
Alhamisi, 18 Julai 2024

Mwaitu,

Sikungoja jibu lako, na hata salamu leo nitazifupisha: wazima, wazima, Muema anauma.

Baba yako alipitia hapa Jumapili akitoka huko shuleni kwenu. Nilimwekea chai nikasahau sukari. Akaimaliza yote na hakuona tofauti. Huyo ni Musili, mtu anayeweka vijiko vinne. Nikamwuliza, "Ndanu ni mzima?" Akasema, "Mzima." "Mwalimu amesema nini?" Akaweka kikombe chini. Kisha akaniuliza, "Mutheu, watu wa mochari huvaa koti la rangi gani?"

Mwaitu, nani amekufa?

Andika haraka. Nimemwambia Jeff asiposimama hapa na jibu, kabichi zake nitazisema vibaya soko zima.

Mutheu


Shuleni,
Jumapili, 28 Julai 2024

Kwa Anti Mutheu,

Hakuna aliyekufa. Ni mimi tu niliyetamani.

Tulikuwa kwenye ukumbi wa chakula, wazazi wamekaa kwenye mabenchi yetu, na keki ya kukatwa iko mezani. Mwalimu Munyiva akasimama na sura ya mtu aliyemeza dawa chungu. Akasema, "Wazazi wapendwa, ule mtihani wa vipaji ulisahihishwa na kompyuta. Darasa hili la Kidato cha Pili, wasichana wote, bila kubakisha hata mmoja, kazi inayowafaa kuliko zote ni kuhudumu mochari."

Kukawa kimya, ukimya wa mochari yenyewe. Mama mmoja nyuma akauliza, "Wote? Kwani huko mbele Machakos mnatarajia nini?"

Kavata peke yake ndiye aliyekuwa anatabasamu. Yeye alijibu ukweli, anti. Anapenda utulivu, hapendi watu wa maneno mengi, na baridi haimsumbui, ndiyo maana sijui kwa nini ana sweta yangu. Mama yake alimpa mkono na kumpongeza. Shida ilikuwa sisi wengine.

Baba akainua mkono. Nilimwomba Mungu aushushe, haukushuka. Akasema, "Mwalimu, hiyo mochari si iko ndani ya hospitali? Basi mtu akiingilia huo mlango wa nyuma, hawezi kusogea polepole mpaka afike wodini?"

Ukumbi mzima ulicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli.

Baadaye tulisimama pale kwenye tangi la maji. Nilitaka kumwambia kama ulivyonituma. Lakini alianza yeye, akaniambia neno moja ambalo sitaliandika hapa. Si baya. Lingekuwa baya ningeliandika.

Tunafunga Ijumaa. Nitapitia kwako kwanza kabla ya Ndithini. Uwe na chapati.

Ndanu


Katangi,
Jumapili, 15 Septemba 2024

Mwaitu wangu,

Natumaini umefika, umezoea, na sweta imerudi kwa mwenyewe. Muema anakutafuta. Akiona kitanda kitupu anaangalia chini yake. Sindano ameanza kula nguo za mama yako kwenye kamba. Baba Muema alikuja, akambeba mtoto, na safari hii hakusema ananuka, nikajua ana homa.

Ajabu yetu sisi wawili ni kwamba tunahitaji Jeff na kabichi zake ndio tuongee. Likizo nzima ulikuwa ukija kulala hapa, tunachambua ndengu sinia moja. Kila nikianza, "Ehe, Mwaitu, lile neno la kwenye tangi..." wewe unaona moshi jikoni. Sawa. Basi niandike.

Unakumbuka ile Jumamosi nilipokuja Ndithini, wagonjwa wa kanisani wakajaa uani? Baba yako alikuwa ameweka kiti nje na koti limetundikwa mgongoni mwa kiti, samaki anatuangalia. Wanasukumana. Kila mmoja anasema ndiye aliyetangulia. Wewe ulitoka ndani na nikasema moyoni, sasa huyu atalia. Ukasimama mlangoni ukauliza, "Nani amekuja akiwa mgonjwa, na nani amekuja kuangalia?" Waliokuja kuangalia ukawatuma maji. Wazee ukawakalisha kwenye benchi, wenye watoto ukawasogeza kivulini karibu na mlango. Ukapita mmoja mmoja ukisikiliza. "Wewe nenda kliniki ya macho. Wewe hii ni presha, usingoje kesho. Wewe, mzee, ni kiatu." Nzisa alipokunja nguo akuonyeshe goti, ulimwambia, "Mimi siwezi kulitibu, na ukilingojea mpaka nimalize chuo litakuwa limekwenda kaburini peke yake." Alikasirika kweli. Lakini Jumatatu alikwenda hospitali, na sasa ananung'unika kwamba hana kitu cha kukungojea.

Hukumtibu hata mmoja, Mwaitu. Lakini uwanja ulikuwa mtupu jua halijafika kichwani, na kila mtu anajua aendako. Baba yako aliona daktari. Mimi niliona mtu mwingine, sijui kazi yake inaitwaje.

Mimi sitakuchagulia. Nilipomaliza shule, Fizikia ndiyo iliyokuwa juu kuliko masomo yangu yote, na hakuna aliyeniuliza kitu. Waliniambia cherehani ya marehemu mama iko bure. Ilikuwa bure kweli. Basi, tuyaache hayo.

Andika. Na safari hii jibu swali.

Mutheu


Shuleni,
Jumapili, 29 Septemba 2024

Anti yangu,

Hujawahi kuniambia habari ya Fizikia. Nimesoma hapo mara nyingi kuliko penginepo. Mkumbatie Muema na umwambie chini ya kitanda sipo.

Nakujibu. Fizikia nilipata alama ambazo mwalimu aliziandika kwa penseli. Kemia inafuata nyuma yake kama ndama. Biolojia ninaiweza mpaka pale wanapoleta chura.

Na la kwenye tangi ni hili. Baba alivua kofia, akaniambia, "Mwaitu, wewe ulikufa kwa kukosa daktari. Siku ya kukuzika nilikuahidi kwamba nyumba hii haitakosa daktari tena. Usiniache na ahadi yako mkononi." Anti, hakuwa akiongea na mimi. Alikuwa akiongea na susu, nyanya yangu marehemu. Mimi nilisimama pale na soksi moja imeshuka, nikiwa marehemu. Mtoto anaweza kumkatalia baba yake. Lakini mimi nitajikataliaje ahadi niliyopewa nikiwa kaburini?

Ndiyo maana nilikuwa naona moshi jikoni kwako.

Mwalimu Munyiva alitufanyisha tena ule mtihani, mmoja mmoja, ofisini kwake, na mlango umefungwa. Nilidhani utakuwa rahisi mara ya pili. Nilikaa nikitazama swali la kwanza, nikainua macho kumtafuta Kavata, nikaona kalenda. Sijui ninachopenda! Najua anachopenda baba, na kanisa, na wasichana wa bweni letu, ambao sasa wote wanataka kuwa marubani kwa sababu Kavata amesema hata hewani ni kimya. Nusu ya maswali niliyaacha wazi. Nikamwambia mwalimu, "Nimeanguka." Akacheka akasema, "Hapana, sasa ndio tumeanza."

Akaniuliza niseme siku niliyojisikia vizuri. Sikufikiria mtihani wala zawadi. Nikamwambia siku foleni ya isyo ilipotembea yenyewe. Napenda vitu vikiwa mahali pake na watu wakipita bila kuumizana. Nikamwuliza kama hiyo ni kazi ama ni tabia. Akasema kuna watu wanaoisomea, wanapanga hospitali, bandari, viwanja vya ndege, na kwamba nikitaka njia hiyo nichukue Biashara na Jiografia, Biolojia nibaki nayo, Fizikia niiache iende kwa amani.

Ijumaa tarehe 25 Oktoba kila msichana atasimama mbele yake na mzazi, na masomo yatasemwa kwa mdomo. Atakayesema ni mzazi. Na mzazi ni baba.

Nifanye nini?

Ndanu


Katangi,
Jumapili, 13 Oktoba 2024

Mwaitu,

Salamu nyingi, na uzisome taratibu kwa sababu kilicho chini yake ni kizito. Muema amesimama peke yake, akaanguka, akanilaumu mimi. Mama yako ni mzima. Sindano amekula kitambaa cha mteja wangu na nimemlipisha baba yako maziwa.

Kuna jambo nililokuwa nimeliweka. Baba yako anasema mama alikufa kwa kukosa daktari. Siku ile yeye alikuwa shambani kwa watu huko Kivaa. Aliyekaa naye hospitalini ni mimi. Daktari alikuwapo, Mwaitu. Nilimwona kwa macho yangu, kijana mwembamba, anafanya kazi bila hata kunywa maji. Aliyekosekana ni mtu wa kutuita. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Wenye nguvu walipita mbele, wenye kujuana walipita pembeni, na mama alikuwa akiniambia, "Tulia, watatuita." Mama alikuwa mtu wa adabu. Tulipoitwa, daktari alimwangalia akaniuliza, "Kwa nini mmemleta mmechelewa hivi?" Tulikuwa mlangoni pake siku nzima.

Sikumwambia baba yako kwa sababu alikuwa ameshapata wa kumlaumu, nami sikutaka kumnyang'anya. Lakini nilipoisoma barua yako niliona kwamba ukimya wangu umeanza kukuchagulia masomo.

Basi jana nilimfunga Muema mgongoni nikaenda Ndithini. Nilimkuta akipukuchua mahindi. Nikamwambia yote, na benchi, na neno la daktari. Hakuinua kichwa. Akapukuchua gunzi lile likabaki jeupe, akaendelea kupukuchua gunzi tupu. Mwishowe akasema, "Kwa hivyo Mwaitu hakukosa daktari."

"Hapana, kaka."

"Alikosa mtu wa kusema nani alitangulia."

"Ndiyo."

Muema akamng'ata kidole. Akamwangalia Muema, akaniangalia mimi, akasema, "Na koti nimeshanunua!"

Nikamwambia koti halina neno, uzi nimepata. Akauliza wewe ungetaka aseme nini tarehe 25. Nikamwambia mimi sisemi, muulize mwenyewe. Akasema, "Nitakwenda." Hakusema atakwenda kufanya nini, na mimi dada yake wa kuzaliwa sijui. Nimeamua kukuambia hivyo hivyo, kwa sababu sitaki ufarijike na uongo wangu.

Koti anakuja nalo. Mfukoni nimedarizi jana kwa mkono, pale pale Ndithini. Utaona.

Kula. Lala. Usimwangalie Kavata.

Mutheu


Shuleni,
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Kwa mtoto wangu Mutheu, na mjukuu wangu Muema mwenye meno,

Nimelia mpaka nimekula chakula cha jioni bila kuona ni kabichi. Habari ya susu nilimsomea Kavata peke yake, akanirudishia sweta bila kuombwa.

Sasa sikiliza Ijumaa. Mvua ilinyesha asubuhi. Mfuko wa kaki wa baba ulilowa ukapasuka pale langoni, naye kwa kuogopa koti lisianguke matopeni akalivaa. Anti, ukiona mtu mrefu wa makamo katika koti jeupe ndani ya uwanja wa shule, utafikiri nini? Nilipotoka darasani nilimkuta kwenye veranda, amezungukwa na wazazi. Mmoja anamwonyesha shingo, mwingine ametoa ulimi nje. Baba anasema, "Mimi ni mkulima, mama, mkulima wa ndengu!" na yule mama anasema, "Ndiyo daktari, lakini hii inawasha usiku."

Na mlangoni kwa Mwalimu Munyiva wazazi wengine wanasukumana, mwenye ndugu yake mwalimu anapitishwa dirishani. Baba akaona. Akanyanyua mikono na samaki wake mgongoni akasema kwa sauti, "Nani alitangulia hapa?" Kwa sababu ya koti, walinyamaza wote. Akaniangalia. Nikajua ananiuliza mimi. Nikamwambia, "Wanaotoka mbali na wenye watoto wachanga waanze, baba. Wengine wakae kwa mpangilio wa madarasa." Akawapanga. Sisi wenyewe tukawa karibu wa mwisho.

Tulipoingia, mwalimu akasema, "Haya, mzazi. Mtoto huyu asome masomo gani?"

Baba akavua kofia. Akasema, "Mwalimu, huyu unayemwona ni mama yangu. Ana jina lake, na kwetu jina si kitu cha kuchezea. Mimi nimwamrishe mama yangu vipi? Muulize mwenyewe."

Nikayataja: Biashara, Jiografia, Biolojia. Nikasema na Kilimo pia, hilo sikuwa nimekuambia hata wewe. Mwalimu akamtazama baba. Baba akasema, "Umemsikia Mwaitu."

Tulipofika nje alivua koti akanipa. Aliniambia, "Nilikuahidi daktari. Sasa wewe ndiye umeniachilia, sivyo?" Nikamwambia, "Nimekuachilia, mwanangu." Nilidhani atacheka. Alivaa kofia yake akaishusha mpaka machoni, akaenda kumtafuta Jeff ampe lifti juu ya magunia.

Mfuko wa koti nimeuona. Uzi wa bluu, "Ndanu," halafu nafasi tupu mpaka ukingoni. Kavata anauliza kama ulikosa uzi tena.

Mama yako,
Ndanu


Katangi,
Jumatano, 30 Oktoba 2024

Mwaitu,

Nina dakika chache, Jeff anapiga honi na Muema amelala, jambo ambalo halitokei mara mbili. Sote wazima. Baba yako alipita hapa akaweka vijiko vinne, kisha akaongeza cha tano. Kanisani Jumapili alisimama akatangaza kwamba maombi ya daktari yasimame kwanza, waumini waombee "anayejua nani alitangulia". Watu hawakuelewa, lakini wakasema amina.

Mwambie Kavata uzi haukukosekana. Hiyo nafasi utaijaza wewe mwenyewe, na hakuna haraka, uzi nimekuwekea.

Mnafunga Ijumaa. Ukitoka, pitia ofisini kwa Mwalimu Munyiva umuulize kwa adabu kama amebaki na karatasi moja ya ule mtihani wake. Akikuuliza ni ya nani, sema ni ya mtoto wako wa Katangi. Nataka kuijaza hapa kwenye cherehani, peke yangu, bila kuchungulia.

Mutheu